Daftari la Majira: Mwongozo Kamili wa Kulea Imani, Subira na Ubunifu Mwaka Mzima

Watu wengi huuanza mwaka na nia tatu: kuimarisha imani, kuwa na subira, na kurudia kazi ya ubunifu waliyoiacha. Mwezi wa pili ukiingia, nia zote tatu zimelala. Nimeliona hilo likiwapata watu wenye bidii ya kweli, na sababu ni ileile karibu kila mara. Walingoja kwanza moyo uchangamke ndipo watende.

Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Tendo dogo la jicho na mkono linatangulia, linarudiwa mahali pamoja majira yote ya mwaka, na moyo unafuata kwa wakati wake. Chombo chake ni daftari. Anza tarehe yoyote, usingoje Januari.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja lenye jalada gumu na kurasa 200 hivi. Simu haifai kwa kazi hii, kwa sababu ukiishika ili uandike, mambo mengine matano yanakuita.
- Penseli mbili na kichongeo. Wino huchuja ukurasa ukilowa, penseli haichuji.
- Kalamu moja ya rangi, kwa ajili ya Hatua ya 9 tu.
- Chombo kidogo chenye matundu chini, udongo uliolegea, na mbegu 6 za maharagwe yasiyo ya zamani sana.
- Fimbo iliyonyooka yenye urefu wa kati ya sentimita 30 na mita 1, vijiwe vidogo vya kuwekea alama, na rula.

Wiki mbili za kwanza fanya Hatua ya 1 hadi ya 3 peke yake. Anayeanza zote kwa siku moja huchoka kabla hajaona chochote.

## Hatua ya 1: Chagua mahali pamoja na mmea mmoja

Chagua mti au mmea unaouona bila safari, kutoka mlangoni, dirishani au njiani unapopita kila siku. Ule unaopukutisha majani au unaotoa maua ni bora zaidi, kwa kuwa utakuonyesha mengi. Kama hakuna mti, nyasi zilizoota kwenye ufa wa ukuta zinatosha.

Sababu ya kung'ang'ania mahali pamoja ni kwamba jicho hutambua mabadiliko kwa kulinganisha. Ukibadili mahali kila wiki, kila kitu ni kipya na hakuna kilichobadilika.

Tahadhari: usichague mahali pazuri palipo mbali. Utapapenda, kisha hutakwenda.

## Hatua ya 2: Funga daftari kwenye jambo unalolifanya tayari

Usiseme "nitaandika asubuhi." Sema "nikimaliza sala ya asubuhi" au "nikishapiga mswaki." Jambo lililokwisha kuzoeleka ndilo litakalokukumbusha. Dakika tano hadi kumi zinatosha.

Wengi wameambiwa kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21, na siku ya 22 wakijikuta bado wanajilazimisha, wanadhani wana kasoro. Hawana. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuata watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya. Jambo lilichukua wastani wa siku 66 kufikia kufanyika lenyewe, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, makadirio yakianzia siku 18 hadi 254. Utafiti huohuo uliona kwamba kukosa siku moja hakukuvunja zoea.

Kwa hiyo ukikosa jana, andika ya leo. Usirudi nyuma kujaza ya jana kwa kubuni. Acha pengo lionekane.

## Hatua ya 3: Andika mistari mitatu tu

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote, nawe usipaharakishe. Kila siku andika tarehe, kisha mistari mitatu yenye vichwa vilevile.

Nimeona. Jambo moja lililoonekana, lililosikika au lililoguswa. Mstari kama "Leo hali ya hewa nzuri, namshukuru Mungu" ni shukrani njema, lakini haukuonyesha kitu. Linganisha na huu: "Tawi la chini lina machipukizi manne, mawili yamefunguka ncha, rangi yake nyekundu si kijani." Wa pili umelazimika kusogea karibu na kutazama. Ukisoma miezi sita baadaye, wa kwanza hautakukumbusha lolote, wa pili utakurudisha mbele ya tawi lilelile.

Ukikosa cha kuandika, hesabu kitu, pima kitu, au taja rangi yake. Maneno kama "zuri," "pendeza" na "ajabu" yaweke kando mwezi wa kwanza. Ni maneno halali, ila humpa mwandishi ruhusa ya kuacha kutazama.

Bado sijaona. Jambo moja unalolitumaini na halijafika. Laweza kuwa la mmea ("ua la kwanza") au la maisha ("majibu ya barua niliyotuma," "dada yangu kunipigia simu baada ya ugomvi wetu"). Mwenye dini ataugeuza mstari huu kuwa dua au sala, na hapo ndipo pake. Asiye na dini atautumia kutaja kwa uaminifu kile anachokiegemea bila ushahidi kamili, maana kila binadamu ana kitu cha namna hiyo.

Uandike kwa maneno ambayo siku moja utaweza kusema limetokea au halikutokea. "Maisha mazuri" hayapimiki. "Kazi ya kunitosha kulipa kodi ya nyumba" inapimika.

Nimefanya. Tendo moja dogo la leo linaloelekea kule kwenye mstari wa pili. Kumwagilia. Kusahihisha aya moja. Kumwandikia dada salamu fupi isiyodai jibu. Mstari huu ndio unaotenganisha imani na ndoto za mchana, kwa sababu anayeamini kitu kitakuja huanza kukiandalia nafasi. Kuna siku tendo litakuwa "nimenyamaza, sikujibu kwa hasira," na hilo ni tendo kamili.

Tahadhari: usiandike tendo la kesho. Daftari likijaa ahadi linageuka deni, na hakuna anayependa kufungua daftari la madeni.

Utajua hatua hii imeshika pale utakapojikuta, katikati ya shughuli nyingine, unatazama kitu na kujiambia "hiki ndicho cha leo." Kwa wengi hali hiyo huja kabla ya mwezi kwisha.

## Hatua ya 4: Panda mbegu, na usiifukue

Baada ya wiki mbili, panda maharagwe. Nimeyachagua kwa sababu huota upesi kiasi cha kumtia moyo anayeanza, na namna yanavyotoka ardhini inastahili kutazamwa kwa magoti.

Jaza udongo, ulowanishe hadi maji yachuruzike kwenye matundu, kisha zika mbegu mbilimbili kwa kina cha sentimita 3 hivi. Weka chombo penye joto na mwanga. Baada ya hapo mwagilia tu pale udongo wa juu unapokauka ukiugusa kwa kidole.

Sasa inakuja sehemu ngumu. Siku tano, nane, hata kumi na mbili, hutaona kitu. Kazi inaendelea chini. Mbegu inanywa maji na kuvimba, mzizi unatoka kwanza na kuelekea chini, na ndipo shina linapoanza kusukuma kwenda juu. Haliji na kichwa mbele. Linakuja limejikunja, kama mtu anayeinua mzigo kwa mgongo, na mgongo huo ndio unaoupasua udongo huku ukivuta nyuma yake zile nusu mbili za mbegu. Zikishatoka kwenye mwanga, shingo inanyooka, nusu zinaachana, na majani mawili ya kwanza yanafunguka yakiwa na umbo la moyo. Majani yatakayofuata yatakuwa na vipande vitatu kila moja. Chora kila kituo, hata kama mkono wako hauna ujuzi wa kuchora.

Makosa yanayoua mbegu hapa ni matatu, na yote matatu ni ukosefu wa subira uliovaa vazi la bidii:

1. Kufukua ili kuangalia. Mzizi mchanga ukikatika ncha, umeirudisha kazi nyuma au umeimaliza.
2. Kumwagilia kupita kiasi. Mbegu inahitaji hewa pia. Udongo uliojaa maji huiozesha.
3. Kuisaidia kuvua ganda. Ganda likibaki limeng'ang'ania, linyunyizie maji kidogo na uliache. Ukilivuta, unang'oa na chipukizi.

Udongo ukiwa wa baridi, chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, mbegu hukawia sana na nyingi huoza, basi ngoja hali ya hewa ipate joto au weka chombo ndani. Siku 14 zikipita katika joto zuri bila dalili, panda nyingine bila kujilaumu. Ndiyo maana nilisema mbegu 6 wala sikusema moja. Mwenye subira huweka akiba ya kujaribu tena.

## Hatua ya 5: Fuata mwezi mzunguko mmoja

Chagua usiku wa mwandamo, pale hilali inapoonekana magharibi muda mfupi baada ya jua kuzama. Kuanzia hapo chora umbo la mwezi kila unapouona, na uandike saa na upande wa anga.

Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu hivi, na kila siku mwezi huchomoza, kwa wastani, dakika 50 hivi baadaye kuliko jana yake. Mwezi mpevu huchomoza mashariki jua likikaribia kuzama magharibi. Baada ya hapo unazidi kuchelewa, hadi unautafuta alfajiri.

Karibu na ikweta utaona hilali imelala chali, na kadiri mtu anavyoishi mbali na ikweta ndivyo anavyoiona imesimama wima zaidi. Chora unachokiona wewe, usichore picha uliyoizoea kwenye vitabu.

Mwishoni kuna siku mbili au tatu ambazo mwezi hauonekani kabisa. Siku hizo usiache ukurasa mtupu. Kwenye "Bado sijaona" andika jioni gani utaandama, na upande gani wa anga utautazama. Kisha toka nje jioni hiyo ukahakikishe. Watu wa dini wanaupima wakati kwa mwezi hadi leo: Waislamu huanza mwezi wa Ramadhani kwa mwandamo, na tarehe ya Pasaka huhesabiwa kwa kuangalia mwezi mpevu. Ukishaufuata mzunguko mzima kwa macho yako, kalenda hizo zinaacha kuwa tarehe za ukutani.

## Hatua ya 6: Pima kivuli cha fimbo

Simamisha fimbo wima mahali tambarare pasipopita watu, au uitumie fremu ya dirisha linaloingiza jua. Mara moja kwa wiki, saa ileile karibu na adhuhuri, weka kijiwe kwenye ncha ya kivuli na uandike urefu. Usilitazame jua lenyewe hata kidogo, kivuli kinatosha.

Mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.4 hivi, na hilo ndilo linaloleta majira. Karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba kivuli hukimbia. Fimbo ya mita 1 inaweza kukuonyesha mwendo wa sentimita 5 au zaidi kwa wiki moja. Lakini karibu na tarehe 21 Juni na 21 Desemba, jua linapogeuka, kivuli kinaelekea kusimama. Wiki nzima utaweka kijiwe karibu palepale.

Wengi huacha hapo wakidhani wamekosea. Wiki hizo ndizo za kuandika kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mwendo unabadilika upande, na kitu kinachogeuka lazima kipunguze kasi kwanza.

Nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kwa majira, baki na saa uliyoanza nayo. Mwaka ukitimia, vijiwe vyako vitakuwa vimechora umbo la namba 8 iliyovutwa. Hakuna aliyekupa mchoro huo wa kunakili.

## Hatua ya 7: Kila mwezi, tengeneza kitu kimoja kwa masharti magumu

Ubunifu hukwama kwa wingi wa uhuru. Ukiambiwa "tunga chochote," kichwa kinakuwa cheupe. Ukifungwa mikono kidogo, akili inaanza kutafuta njia.

Siku ya mwisho ya kila mwezi chukua mstari mmoja wa "Nimeona" uliokaa nawe, uugeuze kuwa kitu: mchoro wa penseli usio na kifutio, picha moja tu ya kamera, wimbo wa noti tano, kitambaa cha rangi mbili. Mimi huwasukuma watu kwenye ubeti wa tarbia, kwa kuwa sharti lake liko tayari: mishororo minne, mizani nane kila kipande, vina vya kati na vya mwisho. Huu umetokana na Hatua ya 4:

*Mbegu nimeifukia, siioni naijua,*
*Maji naimiminia, huku moyo unatua,*
*Shingo yajiinamia, udongo yaupasua,*
*Kimya naiangalia, jani likijifunua.*

Hesabu mizani kwa vidole. Neno likizidi silabi moja, usilipindishe kwa nguvu. Tafuta neno jingine, na mara nyingi hilo la pili ndilo ulilokuwa ukilihitaji tangu mwanzo.

Kitu hiki usikitangaze miezi mitatu ya kwanza. Mpe mtu mmoja unayemwamini, au kibaki daftarini. Sifa za mapema humfanya mtu arudie kilichosifiwa, na lawama za mapema humnyamazisha.

## Hatua ya 8: Kiangazi cha moyo

Utafika wakati mstari wa kwanza utasema "hakuna kilichobadilika" siku kumi mfululizo, na wa pili utakuwa uleule tangu mwezi uliopita. Mti umepukutika. Majibu hayaji. Hata sala inatoka kavu. Karibu kila aliyeacha daftari aliachia hapa.

Fanya jambo moja kwanza. Nenda kwenye mti uliopukutika, shika kijiti chembamba, na kwa ukucha kwangua gome lake sehemu ndogo isiyozidi punje ya mchele. Ukikuta ukijani na unyevu chini yake, kijiti ki hai. Ukikuta kahawia na ukavu, kimekufa, ingawa tawi jingine la mti huohuo laweza kuwa zima. Tazama pia kwenye vifundo vya kijiti, kwani mara nyingi machipukizi ya majira yajayo yameshafungwa tayari humo.

Mti mwingi unaoacha majani wakati wa ukame unafanya hivyo ili usipoteze maji kupitia majani. Katika nchi za baridi, miti kama mitofaa haichipui vizuri isipopitia kwanza majuma ya baridi. Wakati unaoonekana mtupu una kazi yake.

Kwa hiyo katika kipindi hiki badili kipimo. Punguza mistari iwe mmoja kwa siku, ule wa "Nimefanya," na uwe wa jambo la kuhifadhi: kulala mapema, kufunika udongo usikauke, kusoma zaburi moja au sura fupi, kunyamaza dakika tano. Usilazimishe kutunga. Usijilazimishe pia kuandika kwamba una amani kama huna. Malalamiko ya kweli mbele za Mungu ni sala, na waliomwamini kabla yetu walilalamika sana bila kufukuzwa.

Shika pia tofauti hii. Kiangazi cha moyo kina siku mbaya na siku za nafuu. Huzuni ikikushika karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ukakosa usingizi, hamu ya kula au hamu ya kuishi, daftari si dawa yake. Mwone mhudumu wa afya, na umwambie mtu wa karibu leo hii.

## Hatua ya 9: Kila miezi mitatu, soma nyuma kwa sauti

Keti peke yako na ile kalamu ya rangi. Soma tangu mwanzo kwa sauti, kwa sababu macho hurukaruka lakini ulimi haurukiruki. Zungushia duara kila "Bado sijaona" iliyokwisha kuonekana. Piga mstari chini ya ile iliyokuja kwa sura tofauti na uliyoitazamia.

Utashangaa ni ngapi zilifika bila wewe kusherehekea, kwa sababu zilipofika ulikuwa umeshahamia kwenye hofu nyingine. Hapo ndipo imani inapopata ushahidi wake, kwa mwandiko wako mwenyewe.

Zitabaki zile ambazo hazikufika. Kwa kila moja jiulize: je, bado nina tendo la kulifanyia? Kama lipo, lihamishie ukurasa mpya. Kama matendo yamekwisha na jambo liko mikononi mwa mtu mwingine, andika pembeni "naachilia" pamoja na tarehe. Subira si kung'ang'ania kila kitu. Kuna matawi makavu, nayo hukatwa ili mti upate nguvu kwingine. Amua hivyo ukiwa umelala vizuri na umeshiba, usiamue usiku wa manane.

## Hatua ya 10: Mwaka wa pili, andika kando ya wa kwanza

Usinunue daftari jipya. Kama uliacha nusu ya ukurasa wazi, na nakushauri uiache tangu leo, mwaka wa pili utaandika tarehe ileile kando ya ile ya mwaka jana. Utaona ua lililochelewa siku tisa, mvua iliyowahi, na ombi lililokuliza mwaka jana ambalo leo hulikumbuki.

Mwingereza Robert Marsham alianza mwaka 1736 kuandika siku ambazo majani, maua na ndege wa majira ya kuchipua walijitokeza. Ukoo wake ukaendelea na kumbukumbu hizo hadi mwaka 1958, na wanasayansi wanazitumia hadi sasa kuelewa namna majira yanavyobadilika. Alikuwa akitazama kilichokuwa mbele yake na kuweka tarehe.

Nawe weka tarehe kamili, pamoja na mwaka, juu ya kila ukurasa. Kama kuna mtoto nyumbani, mpe kazi ya kuhesabu machipukizi au kushika rula kwenye kivuli, na uandike jina lake karibu na kipimo alichokipima.